Lilikubali Ruangwa, Likakataa Nachingwea

Sisi wa huku kusini, mjomba ni mtu mzito. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo kaka wa mama ndiye mwenye neno kwenye posa, kwenye jando na kwenye matanga. Ndivyo nilivyokuta, na ndivyo nilivyojipangia kuzeeka: nakaa barazani kwangu Nachingwea, wapwa wanapita na kilo mbili za sukari, wananiamkia, wanaomba radhi, wanaondoka. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba yupo mpwa atakayekuja na gari la umeme.

“Shikamoo mjomba. Mafuta yatakumaliza,” aliniambia kwa simu kutoka Dar es Salaam. “Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei, na wewe wa Nachingwea bei yako haijawahi kuwa ya Dar hata siku moja. Hili halinywi hata tone. Unachomeka ukutani tu, kama simu.”

Kama simu! Natamani kila anayesifia magari haya atozwe faini akitamka maneno hayo. Simu yangu naichaji kwenye soketi iliyolegea, plagi nimeibana kwa njiti ya kiberiti, na siku zote inakula umeme wake bila kuuliza swali. Gari hili, kabla halijaonja hata uniti moja, lilitaka kujua nyumba imejengwaje, nani alifunga nyaya, na huyo aliyezifunga alikuwa mkweli kiasi gani.

Lenyewe ni dogo, la Kijapani, limeshatumika huko kwao kabla ya kuletwa huku kuanza maisha mapya. Betri yake, lilipokuwa jipya, ilibeba uniti 24. Siku hizi inabeba kilichobaki. Kutoka Dar kwa chaji moja halifiki hata Daraja la Mkapa pale Rufiji, seuze Nachingwea, kwa hiyo lilipandishwa juu ya lori lililokuwa linapeleka bidhaa za maduka Ruangwa. Huko wakalishusha kwa kurudisha lori nyuma mpaka kwenye tuta la udongo, vijana wakilishika ubavuni kwa viganja, eti likianguka watalidaka. Usiku ule likalala uani kwenye nyumba moja ya wageni, mpya kabisa, bado inanuka rangi. Msimamizi wa pale, kijana mtaratibu, akalichomeka jioni kabla hajaenda kuswali magharibi, na asubuhi likawa limejaa. Hakuna aliyeshangaa. Tulidhani ndivyo mambo yatakavyokuwa.

Nililiendesha mwenyewe mpaka Nachingwea, kama kilomita 50. Sitasema uongo, linapendeza. Halingurumi, halitoi moshi, na ukikanyaga linaondoka bila kujikusanya kwanza. Ubaya ni kwamba mbuzi wa njiani hawalisikii, na wenye mbuzi hawalisikii vilevile, kwa hiyo nilifika nikiwa nimetukanwa na vijiji vitatu. Kwenye kioo vilikuwa vimebaki vibao viwili vya chaji. Mke wangu akatoka kulipokea, watoto wa jirani wakashangilia, nikachomoa waya kwenye buti, nikaupitisha dirishani hadi kwenye soketi ya sebuleni, upande wa pili nikausukumiza kwenye pua ya gari.

Waya wa magari haya una kisanduku katikati chenye taa ndogo. Taa ikawaka nyekundu. Kwenye gari, kimya.

Nikachomoa nikachomeka. Nyekundu. Nikahamia soketi ya chumbani. Nyekundu. Soketi ya jikoni, ambayo mke wangu huiheshimu kuliko mimi kwa sababu ndiyo ya friji, nayo nyekundu. Friji tukairudisha pale pale ikanguruma kama kawaida, na hapo ndipo hasira zilipoanza kunipanda: umeme upo, friji inakula, taa zinawaka, redio inasoma taarifa ya habari, mgeni peke yake ndiye amesusa.

Kijiwe cha kahawa kiko hatua chache kutoka kwangu, na kwa mujibu wa kijiwe hakuna mashine duniani ambayo tatizo lake halijulikani. Wa kwanza kufika alikuwa fundi wa gereji, mtu ninayemheshimu, amenitengenezea pikipiki tangu enzi. Akafungua boneti, akainama, akakaa vile kwa muda.

“Mzee, injini iko wapi?”

“Halina.”

Akajinyoosha, akapangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. “Basi ndiyo maana.”

Kijana wa bodaboda akashauri lisukumwe. Mwingine akasema hayo magari yanatambua mwenyewe kwa alama ya kidole, kwa hiyo mpwa aje kutoka Dar aliguse. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akasema tatizo ni ekstensheni, nikamwambia sijatumia ekstensheni, akasema ndiyo hilo sasa. Na jirani yangu mmoja, mzee aliyezaliwa zama za karanga, akasimama na bakora yake nje ya uzio, akalitazama gari, akaitazama taa nyekundu, akasema, “Hata la karanga lilianza hivihivi,” akaondoka zake.

Kwa msomaji asiye wa huku: mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga hapa Tanganyika, wakachagua Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakaanza bandari ya kina kirefu Mtwara, wakatandika reli kutoka huko hadi hapa. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 mpango ukawa umezikwa, mwaka 1962 reli ikafungwa, baadaye hata vyuma vyake vikang'olewa. Mtu aliyekulia kwenye mabaki hayo ana haki ya kutoamini chochote kinachoshushwa kutoka kwenye lori.

Jioni nikampigia shemeji yangu wa Ruangwa, kaka wa mke wangu. Yeye ni fundi umeme, kazi yake iko kwenye mgodi mmoja wa kinywe, yaani grafiti, na ni mtu ambaye ukimuuliza saa anakueleza kwanza betri ya saa inavyofanya kazi. Nikamweleza yote.

“Shemeji,” akasema, “tatizo si gari. Huku lilikubali.”

Maneno hayo mawili, “huku lilikubali”, nimeyasikia tangu siku hiyo kuliko jina langu. Watu wa Ruangwa siku hizi hawahitaji sababu ya kutamba. Wana Namungo FC, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na katika msimu wa 2020/21 ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wana Uwanja wa Majaliwa. Aliyekuwa mbunge wao alikuwa Waziri Mkuu kwa miaka 10, hadi 2025. Chini ya ardhi wana kinywe. Na sasa gari langu mwenyewe limekula kwao, likaja kususa kwangu.

“Sisi tulikuwa na reli,” nikamwambia.

“Mlikuwa.”

“Samora Machel aliandaa jeshi la FRELIMO hapa hapa Nachingwea.”

“Aliandaa. Shemeji, hebu niambie kitu cha wakati huu.”

Nikakata simu.

Asubuhi mambo yakazidi. Watoto wa jirani walikuwa wameachiwa wakae ndani ya gari mpaka usiku, wakawasha kila kinachowashwa, na kulipokucha milango ikawa haifunguki kwa rimoti. Gari limekufa kabisa. Hata vile vibao viwili havionekani. Kumbe gari la umeme lina betri mbili: ile kubwa iliyolazwa chini ya sakafu, inayosukuma magurudumu, na nyingine ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa, kama iliyomo kwenye kirikuu. Ile ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi za ile kubwa. Ikiisha, ile kubwa hata ingekuwa imejaa pomoni haiwezi kukufungulia mlango. Nani alipanga hivi? Mheshimiwa mkubwa wa volti mia tatu na ushei anamsubiri katibu wa volti 12 ndipo aingie ofisini!

Tukafungua mlango kwa ule ufunguo mdogo wa chuma unaofichwa ndani ya rimoti, tukaenda kumwita jirani mwenye kirikuu atubustie. Akaja. Akafunga nyaya zake, kirikuu ikakohoa moshi, gari langu likaamka na kunisalimu kwa Kijapani kwa sauti ya binti mwenye adabu. Jirani hakusema neno. Alikunja nyaya zake polepole, duara juu ya duara, huku anatabasamu kwa ndani, na mchana kutwa kirikuu ile niliiona inapita mbele ya nyumba yangu bila mzigo wala abiria.

Lakini kisanduku bado chekundu. Mwenye saluni ya mtaani akatuazima jenereta lake, lile dogo la Kichina la kuvuta kamba, kwamba labda umeme wa nyumbani ndio wenye kasoro. Tukalivuta, likanguruma, tukachomeka. Nyekundu vilevile. Kijiwe kikapiga makofi. Kwao kesi ilikuwa imekwisha: umeme wa nguzo limekataa, umeme wa jenereta limekataa, basi gari ni bovu na mpwa ametapeliwa.

Jumapili shemeji akaja kwa bodaboda kutoka Ruangwa, kajaa vumbi mpaka kwenye kope, amevaa jezi ya Namungo makusudi. Mfukoni alikuwa na mita ya kupimia umeme. Hakuligusa gari hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye soketi ya sebuleni, akachomeka ncha moja kwenye tundu la waya wa moto, nyingine kwenye nyutro. Mita ikasoma 221.

“Umeme upo,” akasema.

“Hilo hata friji inajua.”

Akahamisha ncha ya pili kutoka kwenye nyutro kwenda kwenye lile tundu la tatu la juu, la ethi. Ilipaswa isomeke karibu na ile ya mwanzo. Tarakimu zikacheza, zikapanda, zikashuka, zikatulia kwenye sabini na kitu, zikaanza tena kuyumba. Shemeji akanigeuzia kioo cha mita nione mwenyewe, kwa uso wa daktari anayekuonyesha cheti.

“Nyumba yako haina ethi, shemeji.”

Hapo akanieleza, na nitafupisha kwa sababu yeye hakufupisha. Kisanduku na gari vina adabu zao. Kabla umeme mkubwa haujapita, kisanduku hutuma volti 12 kwenye waya mwembamba, sawa na mtu anayepiga hodi. Gari likichomekwa huzishusha volti zile hadi 9, ndiyo kuitikia. Likiwa tayari kula huzishusha hadi 6, ndiyo karibu ndani, na hapo swichi hujifunga na chaji ikaanza. Ila kabla ya yote hayo kisanduku hukagua kama kuna njia ya kwenda ardhini. Sababu ni kwamba gari ni chuma kilichosimama juu ya matairi ya mpira. Waya ukichubuka ndani, bodi nzima inakuwa na umeme, na wewe unakuja peku kwenye udongo uliolowa, unashika mlango. Ikiwepo ethi, umeme unapita kwenye waya kwenda ardhini na breka inakata. Isipokuwepo, unapita kwako. Friji, pasi na redio haziulizi swali hilo. Gari linauliza, na lisipopata jibu linagoma. Na jenereta la saluni je? Mengi ya aina hiyo nyaya zake za ndani hazijaungwa na ardhi popote, kwa hiyo kisanduku kilipochungulia hakikuona kitu huko pia.

“Kwa hiyo Ruangwa…” nikaanza kusema.

“Ile nyumba ya wageni ni mpya, imekaguliwa, ina ethi. Ndiyo maana huku lilikubali.”

Tukazunguka nyuma ya nyumba. Waya wa kijani wenye mstari wa njano unatoka ukutani chini ya meni swichi na kuzama ardhini. Nimeuona miaka yote, nimeshaupaka rangi mara nyingine pamoja na ukuta. Aliyefunga nyaya za nyumba hii aliniandikia kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri, fimbo ya ethi ya chuma chenye ganda la shaba, urefu futi 4, nami nikalipa bei ya shaba. Shemeji akachukua jembe. Ardhi ya Oktoba unaijua ilivyo: jembe linalia, udongo unatoka unga. Alichimba kidogo tu. Waya ukafuata, ukafika mwisho, na mwishoni kulikuwa na kipande cha nondo, urefu wake kutoka kwenye kiwiko changu hadi ncha ya kidole, kimeliwa na kutu mpaka kinamenyeka, na waya umezungushiwa hapo na kufungwa fundo. Fundo kabisa, la kufungia mbuzi. Nondo yenyewe niliitambua: ni ya nguzo za baraza langu. Mtu yule aliniuzia chuma changu mwenyewe.

Watu wa kijiweni waliokuja kushuhudia gari bovu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga. Baadaye nilisikia majembe upande wa pili wa uzio. Mtaa huu nyumba nyingi zilifungwa nyaya na mkono ule ule.

Fimbo ya kweli ilipatikana dukani, ile ile ya mwenye duka aliyesema tatizo ni ekstensheni, na aliniuzia bila aibu. Kuipigilia ilikuwa kazi ya nyundo na jasho. Lakini mita bado haikuridhika, kwa sababu udongo mkavu haupitishi umeme vizuri hata uchomeke shaba tupu. Shemeji akasema tuchimbe duara kuizunguka, tujaze mkaa uliopondwa na chumvi, halafu niwe namwagia maji wakati wa kiangazi. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Maji ya kuoshea vyombo yanakwenda nyuma ya nyumba kila jioni, na wapita njia wananiuliza nimeotesha nini.

Wakati tunaponda mkaa ndipo shemeji, kwa makusudi kabisa, aliponiambia kwamba kuna kitu kizuri kuliko mkaa, nacho ni kinywe. Kinapitisha umeme vizuri sana, na duniani kuna wanaozungushia fimbo zao za ethi mchanganyiko wenye kinywe ndani yake.

“Kile chenu cha Ruangwa?”

“Kile kile.”

“Basi niletee ndoo moja.”

Akanitazama kana kwamba nimemwomba afungue benki usiku. “Shemeji, huo ni wizi wa madini.”

Hebu tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye uchungu wangu. Betri kubwa za magari haya zinaitwa za lithiamu, lakini ukizipasua, kinywe kilichomo kina uzito mkubwa kuliko lithiamu yenyewe; upande mmoja wa kila betri, ule unaopokea chaji, umetengenezwa kwa kinywe. Na Ruangwa imekaa juu yake. Kuna Lindi Jumbo kule Matambalale, mgodi uliosanifiwa kutoa tani 40,000 kwa mwaka, na kuna mradi wa Chilalo. Kinachimbwa, kinasafishwa, kinatiwa kwenye mifuko mikubwa, kinakwenda baharini. China ndiyo inayosaga na kuviringisha sehemu kubwa kabisa ya kinywe cha betri za dunia hii. Halafu kinarudi kwetu ndani ya gari, juu ya lori, linaloshushwa Ruangwa kwenye tuta la udongo. Gari langu ni la zamani, lilitengenezwa kabla ya mgodi huo kuanza, kwa hiyo siwezi kudai kwamba limerudi nyumbani. Lakini yanayokuja yatakuwa yamerudi, na sisi tutakuwa nyuma ya nyumba tunaponda mkaa wa mpingo na chumvi ya mezani.

Watu wa mikoa hii hilo halitushangazi. Gesi ya Songosongo ilianza kuwasha taa za Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kutoka Mtwara likafika huko mwaka 2015. Tumeshakuwa wataalamu wa kuona mali ikipita.

Basi. Fimbo ikazama, maji yakamwagwa, mita ikasoma 219. Tukachomeka. Kisanduku kikawaka kijani! Mke wangu akapiga vigelegele. Shemeji akafungua soda. Nikaenda kuangalia zile taa tatu za bluu juu ya dashibodi, zile nilizoziona Ruangwa.

Haziwaki. Gari limekaa tu.

Sitaeleza niliyoyasema. Shemeji akakagua kila kitu upya, ethi ipo, umeme upo, kisanduku kinapiga hodi, gari linaitikia, ila halisemi karibu ndani. Saa 9 alasiri, hakuna. Saa 10, hakuna. Saa 11 kamili jioni, tumeshakata tamaa na tunakula mihogo, tukasikia “tak” kutoka kwenye pua ya gari, na taa ya bluu ya kwanza ikaanza kupepesa.

Kijana wa jirani anayesoma sekondari ndiye aliyelitegua fumbo hilo. Akaelekeza simu yake kwenye kioo cha gari, simu ikatafsiri yale maandishi ya Kijapani kwa Kiswahili cha ajabu ajabu, lakini neno “usiku” na namba 23:00 na 7:00 zilieleweka. Mwenye gari wa kwanza, huko Japani, alikuwa amelitegea lichaji usiku tu, saa ambazo umeme wao ni wa bei nafuu. Na saa ya gari haijawahi kubadilishwa. Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Kwa hiyo saa 11 jioni ya Nachingwea ni saa 5 usiku kwao, gari linajua kwamba mji umelala na umeme umeshuka bei, linaanza kula. Saa 7 usiku wetu, kwao kunapambazuka, linafunga kinywa. Kule Ruangwa lilichomekwa magharibi, limo ndani ya saa zake, ndiyo maana hakuna aliyegundua.

Na hata saa hizo lilizojichagulia zilikuwa mbaya kupita zote. Saa 1 usiku mtaa mzima unawasha taa, televisheni, feni na pasi, umeme unakuwa mdogo, balbu zinaiva rangi ya chungwa, na kisanduku kikiona volti zimeanguka kinasimamisha kazi mpaka ziinuke. Kwa hiyo gari lilikuwa linakula kidogo, linasusa, linakula kidogo, kisha huko Tokyo kunakucha na sahani inaondolewa. Kijana akairekebisha ile saa ya gari. Siku hizi linachaji kuanzia saa 5 usiku yetu sisi, na asubuhi limejaa.

Ungedhani hapo nimepumzika. Mke wangu hakusema chochote mpaka alipokwenda kununua LUKU. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kundi la wateja wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti moja inawafikia kwa shilingi 122 kodi zikiwemo. Gari likijaa mara tatu tu, uniti 75 zimekwisha, na mwezi bado mchanga. Ukiwa mtu wa kuvuka hapo kila mwezi unahamishiwa kundi la wakubwa, ambako uniti ni shilingi 356. Alinisomea zile namba 20 za tokeni, moja baada ya nyingine, taratibu, akihakikisha kila moja inaniingia.

Nikamfanyia hesabu. Kulijaza gari kwa bei hiyo ya wakubwa hakufiki shilingi 10,000, na kwa fedha hiyo sipati lita 4 za petroli hapa Nachingwea. Akakubali hesabu. Kisha akauliza, “Na friji yangu? Na pasi? Nazo zilikuwa zinakwenda Masasi kwa petroli?” Sikuwa na jibu, na sasa hivi hela ya mboga inatoka kwangu.

Mpwa alipiga simu wiki iliyopita. “Mjomba, unaona? Si nilikwambia, kama simu.” Nimemtaja kwa ajili ya matanga yoyote yajayo: neno lake litasikilizwa la mwisho.

Wewe msomaji ambaye huna gari la umeme wala huna mpango nalo, usinicheke. Una friji, una pasi, una watoto wanaotembea peku uani msimu wa mvua. Zunguka nyuma ya nyumba, tafuta waya wa kijani na njano, chimba uone umefungwa wapi. Ukikuta nondo, njoo kwangu uchukue jembe, na usije Jumapili jioni, maana Jumapili shemeji yuko hapa na atakwambia kwamba kwao Ruangwa lilikubali.